Dimenshia: Ajualo mlezi mmoja liwafikie walezi wote

Mzee anaondoka nyumbani alfajiri na kushika njia ya mashamba ya mpunga. Anasema anawahi kazini, ilhali aliacha kazi miaka mingi iliyopita. Binti yake amekwisha kujifunza kwamba akimzuia kwa nguvu, mzee atapigana naye. Akitembea naye hatua chache huku akimwuliza habari za kazi, atakubali kurudi kunywa chai. Mjukuu halijui hilo. Siku ambayo binti yuko sokoni, mjukuu hufunga mlango kwa kufuli, mzee hupiga kelele, na majirani huanza kunong'ona kuhusu mapepo.

Huo ni mfano tu, lakini familia nyingi zenye mgonjwa wa dimenshia zitautambua. Katika sekta ya Muganza, wilayani Rusizi, hatari yake ni dhahiri: uwanda wa Bugarama umekatwa na mifereji ya kumwagilia mpunga, barabara ina malori ya saruji ya kiwanda cha CIMERWA, na jua ni kali, kwa kuwa hapa ndipo sehemu ya chini kabisa na yenye joto zaidi nchini Rwanda. Mzee aliyepotea njia hana muda mrefu wa kusubiri apatikane.

Ugonjwa, si laana

Dimenshia ni jina la jumla la maradhi yanayoharibu ubongo na kudhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia. Alzheimer, iliyoelezwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ndiyo aina iliyoenea zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mahali ambapo ugonjwa huu haujulikani, mgonjwa hubebeshwa lawama. Kaskazini magharibi mwa Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyochoshwa na moshi wa jikoni. Mzee anayezungumza peke yake usiku, au anayemshutumu mkwewe kuwa amemwibia, anaweza kuangukia katika dhana hiyo hiyo.

Kila tabia ina chanzo

Kutangatanga, kupiga kelele, kukataa kuoga na kushutumu watu ndiyo mambo yanayowachosha walezi kuliko usahaulifu wenyewe. Wataalamu hushauri yasichukuliwe kuwa ukaidi. Mara nyingi ni njia pekee iliyobaki ya kueleza maumivu, njaa, kiu, woga, haja ndogo au kuchoshwa na kelele.

Kwa hiyo mlezi hujiuliza maswali matatu. Ni jambo gani lilitangulia? Mzee alifanya nini hasa? Kisha nini kilifuata, na kipi kilimtuliza? Anayekataa kuoga huenda anaona baridi, au anaona haya kuvuliwa nguo na mtoto wake wa kiume. Anayehangaika kila magharibi huenda anatishwa na vivuli. Taa ikiwashwa mapema, hutulia.

Hata hivyo, tabia ikibadilika ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo au kupungukiwa maji mwilini vinaweza kuvuruga akili ya mzee haraka, na vinatibika.

Daftari moja kwa nyumba nzima

Majibu ya maswali hayo hayana faida yakibaki kichwani mwa mtu mmoja. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, kilichotokea na kilichosaidia. Asiyejua kuandika asimulie, mjukuu aandike. Baada ya wiki mbili familia inaweza kuona mpangilio fulani, na yeyote anayepokea zamu ataanzia pale alipoishia mwenzake. Daftari hilo hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya haraka mlangoni.

Liandikwe pia historia ya mzee: kazi aliyofanya, nyimbo azipendazo, nyakati zake za sala, na lugha aliyoianza utotoni. Jambo hili la mwisho linazihusu hasa nyumba za Waswahili. Baadhi ya wagonjwa hupoteza kwanza lugha waliyojifunza ukubwani. Bibi aliyelelewa kwa Kiswahili anaweza kuacha kukielewa Kinyarwanda alichokizungumza miaka mingi, na wajukuu wakadhani amewanunia. Maneno machache ya Kiswahili yanaweza kumrejesha katika mazungumzo.

Vilevile, kumbukumbu za kale hudumu kuliko za jana. Mzee aliyepitia mwaka 1994 anaweza kurudiwa na hofu kana kwamba mambo yanatokea leo. Asibishiwe. Ashikwe mkono, aambiwe kwa upole kwamba yuko nyumbani na yuko salama.

Kamba na vidonge

Kumfunga mzee kwa kamba humwongezea woga na kumjeruhi. Dawa za kumtuliza nazo zisitolewe kiholela: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Ni daktari pekee anayepaswa kuamua, na kuzipitia upya mara kwa mara.

Wapi pa kuanzia

Mlango wa kwanza ni abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya wa kijijini, kisha kituo cha afya, ambacho kinaweza kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, kama Mibilizi au Gihundwe. Kesi ngumu zaidi hupelekwa Hospitali ya Ndera, Kigali, inayotibu maradhi ya akili na ya mfumo wa fahamu.

Ujuzi wa walezi wenyewe unahitaji baraza lake. Nchini Kenya, shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya huwakutanisha walezi ili wasimuliane yaliyowafaa. Rusizi hakuna haja ya kujenga jengo kwa ajili hiyo: Umugoroba w'Imiryango, kikao cha familia cha kijijini, unaweza kutenga nusu saa. Majirani wakijua kwamba mzee fulani hutangatanga, atakayemwona karibu na mfereji atamrudisha kwao badala ya kumcheka.

Mlezi naye ni binadamu. Kwa mujibu wa WHO, wanawake hubeba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wenye dimenshia. Ndugu wanaotoa ushauri kwa simu wakiwa mbali wangefanya vyema zaidi kuja kupokea zamu, angalau Jumapili moja, na kabla ya kitu kingine chochote walisome lile daftari.