Kalamu ya Seyyida Salme: Historia na Riwaya

Wako watu wachache wa historia ya Unguja wanaowavutia watunzi wa riwaya kama Seyyida Salme bint Said. Yumo katika Trade Wind ya M. M. Kaye, iliyotoka mwaka 1963; yumo katika Abschied von Sansibar ya Lukas Hartmann, ya mwaka 2013. Sababu haifichiki: binti wa mfalme apenda mgeni, atoroka usiku, abadili dini na jina, afa mbali na kwao. Hadithi yajiandika yenyewe, na hapo ndipo penye hatari. Uasi wa Salme ulitangulia mapenzi, na ulianza kwa jambo ambalo mtunzi mwenye haraka hulipita: alijifunza kuandika.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje ya mji wa Unguja. Babaye, Seyyid Said bin Sultan, alitawala Omani na Unguja. Mamaye, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi kutoka milima ya Kaukazi. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani tu. Kuandika kulikuwa haki ya ndugu zao wa kiume. Salme aliiga herufi za Msahafu kwa siri, akizichora juu ya mfupa wa bega la ngamia, kisha akamwomba mtumwa mmoja mwenye elimu amnyoshee mwandiko. Habari zilipofichuka alilaumiwa sana. Yeye hakujali.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Thuwain akashika Omani, Majid akashika Unguja, na Barghash akabaki na kinyongo chake. Mwaka 1859 Barghash alipofanya njama ya kumpindua Majid, dada yake Khole alikuwa upande wake, na Salme, aliyempenda mno Khole, akafuata. Umri wake ulikuwa miaka 15. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa njama: barua za kuwaita wakuu na za kuagiza silaha zilitoka mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa akiwa amevaa nguo za kike. Uasi ukavunjwa kwa msaada wa Waingereza, naye akapelekwa Bombay.

Je, huo ulikuwa uhuru wa Salme? La hasha. Kalamu aliyoipata kwa kuvunja mwiko ilitumika kumtafutia kaka yake kiti. Barghash huyo, alipopata usultani mwaka 1870, alimnyima dada yake mirathi, na mwaka 1885 alikataa kumpokea. Salme alikuwa amekwisha kupatana na Majid kabla ya hapo, na upatanisho huo kundi la Barghash liliuhesabu kuwa usaliti. Pande zote mbili zilikuwa na kazi ya kumpa; nafasi yake mwenyewe hakuna aliyempa.

Mengine yajulikana. Alishika mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake, na mwezi wa Agosti 1866, usiku wa Mwaka, wanawake walipokwenda kuoga baharini kwa desturi, alipanda mashua ya manowari ya Kiingereza Highflyer. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku ile ile. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Bismarck alimrudisha Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, dai lake la mirathi likiwa kisingizio kizuri cha kumtisha Sultani. Lilipokwisha kuwa na faida, liliachwa. Aliyemkimbia kaka akawa chombo cha Kansela.

Mwaka 1886 alitoa kumbukumbu zake mjini Berlin, kwa Kijerumani. Hapo kalamu hatimaye ilimtumikia yeye, na ndani ya kitabu hicho limo jambo ambalo riwaya hupenda kulifunika. Salme autetea utumwa wa Unguja na kuwalaumu Wazungu waliotaka kuukomesha. Msomaji wa Kongo hawezi kuzipita kurasa hizo kama tabia ndogo ya zama zile. Biashara ya Unguja ilifika Manyema. Misafara iliyoleta Kiswahili Kasongo na Nyangwe ndiyo iliyochukua pembe na watu kuelekea pwani. Binti aliyelalamikia kufungiwa alikuwa na mashamba, na mashamba yalikuwa na watumwa.

Hata usiku wa Mwaka haukuwa wa Salme peke yake. Taarifa za wakati huo zataja wajakazi wawili waliofuatana naye ufukweni: mmoja alikimbia akipiga kelele, wa pili akatiwa mashuani kwa nguvu. Mtunzi atakayerudi katika kisa hiki atakuta kwamba mjakazi yule, na mtumwa yule aliyenyosha mwandiko wa binti mfalme, bado hawajapewa riwaya. Salme alifariki Jena mwaka 1924. Ameandikwa na wengi, naye alijiandika. Wale wawili hawana hata jina.