Dekoda haiui televisheni ya zamani

Wakaaji wa komini ya Kenya, nanyi jamaa mliokimbia vita na kufika hapa Lubumbashi: kabla ya kuuza televisheni ya zamani kwa bei ya kutupa, tukumbuke historia yake.

Kongo ilifuata mtindo wa Kifaransa, SECAM: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kila stesheni ilipewa hewani nafasi ya megahezi 8, na picha moja ikaijaza yote.

Mwaka 1982 mataifa yalikubaliana namna ya kugeuza picha kuwa namba. Mzigo ulikuwa megabiti 216 kwa sekunde, hauwezi kupita katika nafasi ile. Baadaye hesabu za kubana picha ziliushusha hadi megabiti 4 hivi. Ndipo nafasi iliyobeba stesheni moja ikaweza kubeba kumi.

Mkutano wa Geneva wa 2006 ulipanga analogi ikome 17 Juni 2015. Dar es Salaam ilianza kuzima mitambo 31 Desemba 2012. Kongo ilichelewa.

Kilichobadilika ni njia ya hewani, si kioo. Dekoda hupokea namba na kuzirudisha kuwa analogi: waya wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu sauti. HDMI hupeleka namba zenyewe, kwa televisheni mpya.

Basi dukani uliza kwanza kama dekoda ina matundu ya nyaya hizo tatu. Na inueni antena: analogi dhaifu ilitoa chenga lakini habari za kwenu zilisikika; dijitali dhaifu hukatika kabisa.