Kwa nini filamu uipendayo haichukui Oscar

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, Jumatatu moja ya Februari au Machi, wapenzi wa sinema wa Dar es Salaam na Nairobi hufika kazini macho yakiwa mekundu. Wamekesha wakitazama utoaji wa tuzo za Oscar, ambao hufanyika Los Angeles, Marekani, jioni ya Jumapili, wakati huku kwetu ni usiku wa manane.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Sherehe ilianza karibu saa kumi alfajiri, na tuzo kubwa ya Filamu Bora ikatangazwa kwenye saa moja au saa mbili asubuhi, wakati wengi wetu tumekwisha kuzima televisheni na kukimbilia daladala. Tangu mwaka 2024 sherehe imesogezwa mbele. Siku hizi huanza karibu saa nane usiku na kumalizika kabla ya jua kuchomoza.

Saa zimebadilika, lakini malalamiko ni yale yale: filamu iliyostahili imenyimwa.

Mwandishi wa makala haya amelalamika hivyo mara nyingi. Alishangilia hadi kuwaamsha majirani Machi 3, 2014, Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alipotwaa tuzo ya Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Miaka mitano baadaye, ushindi wa Green Book dhidi ya Roma ulimharibia siku nzima. Hasira hiyo ndiyo iliyomfanya atafute jinsi kura zinavyohesabiwa, na jibu linaeleza mengi.

Tuzo hizo hutolewa na Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu. Sherehe ya kwanza ilifanyika Mei 16, 1929, katika hoteli ya Hollywood Roosevelt, ikachukua muda wa robo saa tu, na washindi walikuwa wanajulikana miezi mitatu kabla. Bahasha zilizofungwa zilianza kutumika mwaka 1941, baada ya gazeti la Los Angeles Times kuchapisha majina ya washindi mapema mwaka uliotangulia.

Wapigakura ni wanachama wa Akademia wenyewe: waigizaji, waongozaji, wapiga picha, watunzi wa muziki na wengine wa fani hiyo. Mwaka 2025 walikuwa wanakaribia 10,000. Katika uteuzi, kila tawi huteua watu wa fani yake. Waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji. Filamu Bora huteuliwa na wote. Katika duru ya mwisho kila mwanachama anaweza kupiga kura katika tuzo zote, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata kama hakufikisha nusu.

Isipokuwa tuzo moja tu, ile kubwa.

Chanzo chake ni hasira ya mashabiki. Mwaka 2009, filamu ya The Dark Knight iliteuliwa kuwania tuzo nane, na marehemu Heath Ledger akashinda moja, lakini haikuingia katika tano zilizowania Filamu Bora. Kelele zilikuwa nyingi. Katikati ya mwaka huo Akademia ikatangaza kwamba filamu zitakazowania zitakuwa kumi. Idadi hiyo ilipata kuyumba kwa miaka kadhaa, kisha ikarudi kuwa kumi kamili kuanzia sherehe ya 2022.

Lakini filamu zikiwa kumi, moja inaweza kushinda kwa kura chache mno, huku wengi wa wapigakura wakiwa hawaitaki kabisa. Ndipo ulipoletwa utaratibu wa kupanga: mpigakura haweki alama moja, bali hupanga filamu zote kwa kufuatana na anavyozipenda, ya kwanza hadi ya kumi.

Tuchukue mfano wa wapigakura 100 na filamu tatu. Filamu A imewekwa ya kwanza na watu 42, B na 33, C na 25. Hakuna iliyovuka nusu, hivyo C inaondolewa na karatasi zake 25 zinagawanywa kwa kuangalia chaguo la pili. Kama 20 kati yao waliandika B na watano wakaandika A, basi A inafikia 47 na B inafikia 53. B imeshinda, ingawa A ndiyo iliyokuwa na wapenzi wengi zaidi tangu mwanzo.

Maana yake ni kwamba filamu inayopendwa sana na kundi moja na kuchukiwa na jingine huwa hatarini, wakati ile ambayo karibu kila mtu ameiweka ya pili au ya tatu husonga mbele. Kwa shabiki anayeamini kwamba chaguo lake ni la kufa na kupona, huu ni uchungu mtupu.

Dalili zinaonekana. Katika sherehe kumi za 2013 hadi 2022, mara sita Filamu Bora na Mwongozaji Bora zilikwenda kwa filamu tofauti. Mwaka huo wa Lupita, Gravity ilichukua tuzo saba, ikiwamo ya mwongozaji Alfonso Cuarón, lakini Filamu Bora ikawa 12 Years a Slave yenye tuzo tatu tu. Mwaka 2019 Cuarón tena alikuwa Mwongozaji Bora kwa Roma, na Green Book ikaondoka na tuzo kubwa. Hata hivyo Akademia haitangazi kamwe hesabu za kura, kwa hiyo anayedai kujua filamu ipi ilishindwa kwa kura ngapi anabahatisha.

Wala si haki kusema utaratibu huu huzaa washindi wa baridi tu. Moonlight, filamu ndogo na ya kimya, ilishinda mwaka 2017, usiku ule ambao waliopewa kazi ya kutangaza walikabidhiwa bahasha isiyo yake wakaitaja La La Land. Mwaka 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Filamu Bora, na sikumbuki kusikia aliyelalamika mtaani kwetu.

Lipo lalamiko jingine la mashabiki ambalo lilikuwa na ukweli zaidi: kwamba wapigakura wenyewe hawazitazami filamu. Kwa muda mrefu hakuna aliyewalazimisha katika tuzo nyingi. Aprili 2025 Akademia ilitangaza kwamba, kuanzia sherehe ya 2026, mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika tuzo yoyote mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Zile anazozitazama kwenye mtandao wa Akademia hujulikana moja kwa moja. Kwa zile alizoziona kwingine, kama vile ukumbi wa sinema au kwenye tamasha, anajaza fomu ya kuthibitisha kwamba ameziona, na neno lake linaaminiwa.