Yaya Aliyesomea Kazi Yake

Bi harusi hukumbuka mapazia, vyombo, hata chetezo. Yaya hukumbukwa likizo ya uzazi ikikaribia kwisha. Ndipo tunapoagiza msichana yeyote kutoka shamba, apike, afue, na mtoto amlee humo humo.

Uingereza nako, hata kwa matajiri, mayaya wengi hawakufundishwa kitu. Mwaka 1892 Emily Ward akafungua London chuo cha Norland, cha kusomesha kazi hiyo. Alikuwa mwalimu, mfuasi wa Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha chekechea na kuamini kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Wanafunzi walikaa darasani, wakapelekwa hospitali kujifunza kuuguza watoto, kisha wakajaribiwa katika nyumba za watu kabla ya kupata cheti. Kumpiga mtoto ilikuwa marufuku.

Sisi kilichotugusa ni sare. Walivaa ya kwao ili wasichanganywe na watumishi wa kufagia na kupiga deki. Kazi yao ilikuwa mtoto, basi. (Hapa kwetu yaya huyo huyo ndiye anayekuna nazi mtoto akitambaa karibu na jiko.)

Kasoro haikukosekana: masomo yalilipiwa ada, na mabinti wengi wa maskini wakabaki nje. Chuo kipo hadi leo, katika mji wa Bath.

Na huyu wetu, tunayemwachia mtoto asubuhi hadi magharibi, nani amemwonesha afanye nini mtoto akipaliwa?