Daftari la Mwalimu wa Mwembeni

Mwaka jana kijiji chetu huko Ukerewe kiliamua kumpa Babu Mwalimu mbuzi, shuka na cheti. Mbuzi alipatikana siku ileile. Shuka ilinunuliwa Nansio. Cheti ndicho kilichoniangukia mimi, kwa kuwa nilikuwa likizo, na kwetu mtu akishafika chuo kikuu anahesabiwa anaweza kuandika chochote.

Kamati ilitaka ukurasa mmoja wa kusomwa siku ya sherehe: amefundisha tangu lini, amefundisha wangapi. Mwenyekiti wa kamati alikwisha kuchagua jibu la swali la pili. "Andika maelfu," aliniambia.

Nilimwendea Babu, nikampa shikamoo, nikaeleza shida yangu. Aliingia ndani akatoka na daftari kubwa lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Usiandike ninavyosema mimi," alisema. "Nimezeeka, nitajisifu. Andika yaliyomo humu."

Siku nne zilizofuata nililisoma daftari hilo.

Tangu mwaka 1964, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alikuwa akisema kwamba lazima tuanze na watu wazima, maana watoto wangechukua miaka mingi kabla kazi yao haijaonekana kwenye uchumi. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na ulipokwisha zikatajwa wilaya sita za kufuta ujinga mapema kuliko nyingine. Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia. Visiwa viwili, kimoja ziwani na kingine baharini. Nadhani mtu aliyechagua aliona kisiwa ni rahisi kuhesabu.

Walimu wa shule hawakutosha, kwa hiyo waliochukuliwa ni watu kama Babu: mkulima wa pamba na mihogo aliyefika darasa la nne zama za mkoloni. Alipewa mafunzo mafupi, ubao, chaki na vitabu vya kuanzia. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, alasiri, mara tatu kwa wiki, watu wakitoka shamba. Kitabu kilikuwa cha pamba. Wanafunzi walianza kwa kuzungumza juu ya picha: kwa nini shamba hili limezaa na lile halikuzaa? Ndipo neno lenyewe likaandikwa ubaoni na kukatwa vipande: pa, mba. Kutoka pa wakapata pe, pi, po, pu. Aliyebuni utaratibu huo alijua kwamba mkulima wa miaka hamsini hatakaa kwenye nyasi kusoma habari za sungura.

Nilitaka kuandika kwamba Babu alijitolea. Nilipomuuliza alicheka. "Balozi wa nyumba kumi alinitaja mkutanoni. Ungekataaje?" Tena kulikuwa na posho, shilingi 30 kwa mwezi. Kurasa za nyuma za daftari zina orodha ya miezi: alama ya vema pale ilipofika, kistari pale isipofika. Mwanzoni ni vema nyingi. Baadaye zinachanganyika. Kisha vinakuja vistari, mstari baada ya mstari, mpaka naye akachoka kuviandika. Lakini ukirudi kurasa za mbele, mahudhurio ya miezi hiyohiyo yapo, jina kwa jina. Basi nikaandika hivi: alitajwa, akalipwa kidogo, na tangu malipo yalipokoma akajitolea.

Majina mengi ni ya wanawake. Jina la tisa ni la bibi yangu, mzaa mama.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa zima. Kulikuwa na hatua nne; aliyefikia ya tatu alihesabiwa anajua kusoma. Mbele ya jina la babu yangu, mume wake, imeandikwa "ya tatu". Mbele ya jina la bibi imeandikwa "ya pili". Kila kijiji siku hizo kilitaka takwimu nzuri za kupeleka juu, na darasa lilikuwa la jirani na jirani. Kumsogeza mtu hatua moja kulikuwa kazi ya kalamu tu.

Nilimuuliza bibi. Hakufurahi. "Nilikuwa nimekishika kitabu chote cha pamba kichwani," alisema. "Yeye akaweka kiganja juu ya maandishi, mimi nikaendelea kusoma. Watu wakacheka. Akaniambia, dada, hapo unasoma mkono wangu." Alikaa msimu mzima bila kumsalimia. Kisha akarudi mwembeni. Katika mtihani wa 1977 ameandikiwa "ya tatu", kwa wino mwekundu.

Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma nchini wamebaki asilimia 9.6. Sensa ya 2012 ilikuta kama asilimia 22. Wengine husema watu walisahau kwa kukosa cha kusoma, wengine husema shule zilidorora miaka ya themanini na tisini. Yote yanawezekana. Ila baada ya kuliona daftari hili nawaza pia juu ya vijiji ambavyo mwalimu wake hakuweka kiganja juu ya kitabu.

Nikiwa njiani kurudi kwake nilimkumbuka Aniceti Kitereza, wa kisiwa hikihiki, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 akangoja hadi ilipochapwa kwa Kiswahili, tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka yote hiyo ya kungoja, wasomaji wake walikuwa wakitengenezwa chini ya miembe.

Nilihesabu waliofika hatua ya tatu katika daftari lote: 46. Mwenyekiti alisema idadi hiyo itamwaibisha mzee. Nilimpelekea Babu mwenyewe swali hilo. Alichukua daftari, akahesabu upya kwa kidole, akasema, "Ni 46. Mmoja alihamia Mwanza lakini mhesabu."

Siku ya sherehe aliomba ukurasa usomwe na bibi. Bibi alivaa miwani, akasimama, akasoma polepole. Katikati, pale penye habari za posho, Babu aliinua kidole kutoka kwenye kiti chake cha heshima.

"Rudi," alisema. "Umeruka mstari."

Bibi alimtazama juu ya miwani. Kisha akarudi kwenye mstari ule, akausoma.