Lakiri ya mashine iko wapi?



Ukitoka Kilindoni ukielekea kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, barabara inakufikisha Bweni, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Huko nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa wakala wa chama katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992. Nilimwuliza walizilindaje kura.

"Mwanangu," alisema, "asubuhi tulioneshwa sanduku tupu, likafungwa, likatiwa lakiri. Jioni niliikagua lakiri kwa macho yangu haya ndipo likafunguliwa. Sasa hiyo mashine, lakiri yake iko wapi?"

Swali hilo nimerudi nalo mjini.

Kwetu, kura yenyewe bado ni karatasi. Lakini mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura kwa mashine za alama za vidole, na mwaka huohuo Bunge likatunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, yenye faini na kifungo kwa anayeingilia kompyuta bila idhini. Ni vyema. Ila adhabu humngoja mwizi akamatwe, na mwizi wa ndani ya kompyuta haachi kufuli lililovunjwa.

Jirani zetu Wakenya walilipeleka swali la mzee mahakamani. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 matokeo ya urais yalitumwa kwa mitambo ya elektroniki. Siku chache kabla yake, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia katika Tume ya Uchaguzi, alikutwa ameuawa. Upinzani ulipofungua shauri, Mahakama ya Juu iliamuru kompyuta kuu za Tume zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na majaji wakaihesabu hali hiyo dhidi yake. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 Tume ilibandika fomu za matokeo ya vituo kwenye intaneti, kila raia akaweza kujumlisha mwenyewe.

Je, sisi tungeweza kuamuru mashine ifunguliwe? Ibara ya 41(7) ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla hatujaikabidhi mashine kura zetu, tuandike kwanza kwenye sheria ni nani mwenye haki ya kuifungua, na mbele ya nani. Mzee wa Bweni alilala usingizi usiku ule kwa sababu aliruhusiwa kuinama na kuitazama lakiri.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.