Kibali ni Madaraka: Kutoka Hongo ya Tabora Hadi Leseni ya Bahari Kuu

Wapo wanaodhani kwamba kuomba kibali cha kuvua katika bahari kuu ni kazi ya makarani tu: fomu hujazwa, ada hulipwa, muhuri hupigwa, basi. Mawazo hayo ni finyu. Ndani ya kila kibali mna maswali matatu. Nani ana haki ya kuruhusu? Nani ana nguvu za kukataza? Na pato lake linamfikia nani? Maswali haya hayakuzaliwa baharini. Watu wa Unyamwezi, mbali kabisa na pwani, waliyakabili katika karne ya 19, na baadhi ya watawala wao waliyalipia kwa roho zao. Kwa hiyo inafaa kuanzia Tabora.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulidaiwa hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Hongo hiyo haikuwa unyang'anyi kama walivyoandika wasafiri wengi wa Ulaya. Ilikuwa kibali. Mgeni alikunywa maji ya nchi, alinunua chakula cha nchi, na alipita salama chini ya ulinzi wa wenyeji.

Katika Unyanyembe, wakati wa Mtemi Fundikira, wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa Tabora walikuwa wamesamehewa ushuru. Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka bidhaa zilipiwe ushuru kama ilivyo haki ya mwenye nchi. Wafanyabiashara hawakuona haja ya kubishana juu ya kiwango. Walimfukuza mtemi mwenyewe na kumuunga mkono mwingine, Mkasiwa, aliyekuwa tayari kuwaachia. Mnywa Sere aliendelea kupigana porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Hapa pana somo kubwa: mgeni asiyetaka kulipia kibali hana lazima ya kuivunja sheria. Humtafuta mwenyeji atakayeifuta kwa niaba yake.

Mirambo wa Urambo alilijibu swali la pili, yaani swali la nguvu. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wa Tabora walimshambulia, na Stanley akiwa pamoja nao, lakini wakashindwa. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, hata wakalazimika kupatana naye. Waliopita, walipita kwa ruhusa yake. Lakini nguvu hizo zilikaa katika mikono ya mtu mmoja na askari wake, warugaruga. Mirambo alipofariki Desemba 1884, dola yake ilianza kusambaratika. Nguvu isiyo na chombo cha kudumu huzikwa pamoja na mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye naye aligombana na wageni juu ya njia na pembe. Januari 1893 majeshi ya Kijerumani yaliiteka ngome yake. Isike aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani kuliko kujisalimisha. Baada ya hapo mambo yaligeuka juu chini. Waliokuwa wakitoa kibali sasa ndio waliolazimika kukiomba, na tangu mwaka 1898 walitozwa kodi ya nyumba katika nchi yao wenyewe.

Tusiwapambe watemi hao. Swali la tatu hawakulijibu vizuri. Nguo na bunduki za hongo ziliingia kwanza katika ikulu ya mtemi. Mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo 30 na zaidi kwa miezi mitatu alipata sehemu ndogo ya utajiri uliopita begani mwake. Na pembe zenyewe ziliondoka ghafi, zikachongwa Bombay, London na Marekani.

Sasa tutazame bahari, kwa maana huko maswali ni yale yale. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unalipa taifa la pwani haki juu ya samaki mpaka maili 200 za bahari. Sheria ya mwaka 1989 iliitangaza haki hiyo nchini, na sheria ya mwaka 1998 iliweka msingi wa Mamlaka ya kusimamia uvuvi wa bahari kuu kwa pande zote mbili za Muungano. Meli ya kigeni inayotaka jodari lazima iombe leseni, ilipe ada, ifuatiliwe kwa mitambo na itoe taarifa za samaki iliowavua. Swali la kwanza, la haki, limejibiwa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa ikituhumiwa kuvua bila leseni katika maji ya Tanzania. Ilikamatwa kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika ya Kusini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo. Tukio hilo lilionyesha kwamba anayetoa kibali anahitaji meli zake za doria, na pia waendesha mashtaka wanaofuata sheria hatua kwa hatua.

Swali la tatu ndilo la uchumi. Ada ya leseni ni hongo ya njia tu. Thamani kubwa hupatikana pale samaki anaposhushwa, anapogandishwa na kusindikwa. Kwa miaka mingi jodari wengi wa eneo hili wameshushwa Victoria, Shelisheli, kama pembe zilivyochongwa ng'ambo. Nchi inayoridhika na ada bila kujenga bandari za uvuvi na viwanda inarudia kosa la watemi.

Leo neno hongo maana yake ni rushwa. Malipo ya halali ya nchi yaligeuka kuwa jina la aibu, na kila ofisa anayetoa kibali kwa manufaa yake binafsi hulithibitisha jina hilo. Ni wajibu wa viongozi na wanafunzi kudai kwamba leseni ya bahari kuu ijulikane hadharani: nani amepewa, kwa kiasi gani, na fedha zimekwenda wapi.